Kidudu cha kijani kwenye kamba ya mwani

Msomaji mmoja wa Chwaka, Zanzibar, yuko kidato cha tatu, ameniandikia hivi: "Mwalimu, nilikuwa na mama shambani maji yamekupwa, nikaona kidudu cha kijani, kidogo kama ukucha wa kidole changu cha mwisho. Hakina gamba. Kilikuwa kwenye majani yaliyonasa kwenye kamba ya mwani. Mama anasema ndicho kinachokula mwani wetu, na kila akikiona anakiponda. Nimepiga picha mbili, na ya tatu ni ya dude jingine la kahawia lililokuwa karibu. Ni nini? Kweli kinakula mwani? Kina sumu?"

Mwanangu, nianze na la mama, maana ndilo lenye haraka. Mwani wenu haumhusu kabisa. Hata ukimfungia kwenye ndoo pamoja na spinosum tupu, huo mwani mnaoupanda, na huku ana njaa, hatakuwa na njia ya kuula, na sababu yake nitakueleza. Mwambie mama aache kumponda, lakini umwambie kwa adabu, kwa kuwa yeye hakukosea kutazama. Kumkuta mdudu wa kijani juu ya kamba ambayo mwani wake umepungua, na kuunganisha mambo hayo mawili, ni jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Tatizo ni kwamba mwizi alikwisha ondoka maji yalipokuwa yamejaa, na huyu ndiye aliyebaki akaonekana.

Huyo ni koa wa bahari. Ni jamaa ya konokono, ila gamba ameachana nalo. Alianguliwa akiwa nalo, dogo lisiloonekana kwa macho, akaogelea nalo akiwa kichanga, kisha siku aliyotua na kugeuka mkubwa akalivua. Jina lake la kitaalamu ni Elysia pusilla. Pusilla kwa Kilatini maana yake ni mdogo, na kweli ni mdogo: wengi niliowashika mimi hawafiki sentimita 2. Usinidai jina la Kiswahili. Watu wa pwani huwapa majina viumbe wanaoliwa, wanaouma na wanaouzwa, na huyu si katika hao.

Sasa nimejuaje? Wanaoniletea picha za makoa karibu wote huanza na rangi: "ni wa kijani", "ni wa kijani chenye weupe". Rangi ni jambo la mwisho ninalolitazama kwa makoa wa namna hii, kwa sababu rangi yenyewe si yao, wameila. Kijani unachokiona ni chakula kilichomo tumboni, na tumbo la koa huyu halikukaa mahali pamoja kama letu. Limetawanyika mwili mzima kwa vijimirija vyembamba, mpaka kwenye kingo. Mtoe kwenye chakula chake siku kadhaa na ule ukijani utaanza kufifia. Kwa hiyo swali langu la kwanza daima ni moja: alikuwa juu ya mmea gani?

Wewe hukuniambia, ila picha yako ya kwanza imesema. Pembeni, chini ya kidole chako gumba, kuna shada la vidoo vya kijani, bapa, kila kimoja kama sarafu ndogo, vimeungana ncha kwa ncha kama mpungate. Hiyo ni Halimeda. Bila shaka umeikanyaga maisha yako yote. Ukiiokota ikiwa mbichi ni ngumu kidogo mkononi, ukiianika juani inakuwa nyeupe na kuvunjika kama biskuti, kwa sababu ndani yake imejaa chokaa. Ghuba yenu ina mashamba makubwa ya Halimeda, na sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe wa Chwaka ni vidoo vyake vilivyokufa, vikavunjika na kusagika. Chota mchanga kiganjani uutazame kwa makini. Utaviona vipande bapa, vyepesi, vyenye vitundu vidogo kama vya mkate wa mofa.

Makoa wa kijani wanaoishi juu ya Halimeda ni wachache, na hilo peke yake limeshapunguza kazi. Halafu nikaikuza picha ya pili.

Kichwani kuna vipembe viwili vifupi, vya rangi hafifu kuliko mwili. Ukitazama vizuri, si vipembe vya kujaa kama vya konokono wa bustanini. Vimekunjwa, vina mfereji upande mmoja, kama karatasi ya kufungia njugu. Hiyo ni alama ya ukoo wa Elysia. Nyuma tu ya vipembe kuna nukta mbili nyeusi, ndogo kuliko punje ya ufuta: ni macho. Nyuma ya macho kuna kinundu cheupe, na ndani ya kinundu hicho moyo unapiga. Ukiwa na lenzi na koa akiwa hai utauona ukidunda. Kutoka kwenye kinundu kunatoka mishipa inayotambaa mgongoni, kama ile ya jani la muembe ukiligeuza nyuma. Pembeni mwa mgongo kuna mikunjo miwili ya ngozi. Kwa Elysia wengine mikunjo hiyo ni mirefu, husimama na kujikunjakunja kama pindo la gauni la harusi. Kwa huyu wako ni mifupi na imelala, ndiyo maana anaonekana bapa kabisa, mpana, karibu mviringo. Mgeuze upande wowote, ni kidoo cha Halimeda chenye macho.

Na kuna kitu ambacho nadhani hukukiona mwenyewe. Kidoo cha jirani yake kina mzunguko mdogo, rangi ya maziwa, uliolala bapa, kama dawa ya mbu ya kuwasha iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mwanasesere. Hayo ni mayai. Uzi mmoja mrefu wa ute wenye mayai ndani, ameuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Koa anayetaga juu ya mmea huwa hakuja matembezi. Hapo ni kwake.

Mmea, umbo bapa, pembe fupi za kukunjwa, mikunjo iliyolala, na mayai juu ya kidoo: kwa hayo yote pamoja nina hakika na jina kwa kadiri picha inavyoweza kumpa mtu hakika. Anayetaka zaidi ya hapo itabidi atoe jino alitazame kwa darubini, au apime DNA, na wewe huna haja hiyo.

Angekuwa kwenye mmea mwingine, jibu langu lingebadilika. Kwenye Caulerpa, ile inayotambaa kwa mzizi na kutoa vishada kama zabibu mbichi, ningemtafuta Elysia tomentosa, au Oxynoe, ambaye bado amebakiwa na kigamba chembamba mgongoni. Kwenye Bryopsis, ile laini kama manyoya ya kifaranga, ningemfikiria Elysia marginata mwenye pindo jeusi na la rangi ya chungwa. Angekuwa mchangani tu, mweupe wa maziwa na madoadoa yenye duara, basi Plakobranchus ocellatus, na ukimfunua mikunjo yake ndani utakuta mistari ya kijani. Na angekuwa hana pembe za kukunjwa kabisa, anateleza kama karatasi iliyolowa, hapo si koa tena. Ni mnyoo bapa, mnyama wa ukoo mwingine.

Turudi kwenye kula, maana hapa ndipo kesi ya mama inapoamuliwa.

Konokono wa kawaida ana ulimi wenye safu nyingi za meno, anasugua nao kama mtu anayekuna nazi. Koa huyu ana safu moja tu, na katika safu hiyo jino linalofanya kazi kwa wakati mmoja ni moja. Meno yaliyochakaa hayatupi, yanaangukia kwenye kifuko kidogo ndani na kubaki humo. Kundi lake zima limepewa jina kwa kifuko hicho: Sacoglossa, wenye ulimi wa mfuko. Kwa jino hilo moja anatoboa, kisha anafyonza.

Sasa mtu anaweza kufyonza nini kwa tundu moja? Dafu. Dafu unalitoboa mara moja ukaweka mrija, na maji yote ni yako, kwa sababu ndani hamna vyumba. Halimeda imeumbwa hivyo. Ukiondoa chokaa, mmea mzima ni mirija myembamba iliyosokotana, na mirija hiyo haina kuta za kuigawa seli moja na nyingine. Koa anatoboa pahala pamoja na utomvu wa kijani unamjia.

Mwani wenu ni komamanga. Spinosum na kotoni, zile aina mbili zinazopandwa kwenye kamba, zote zimejengwa kwa seli ndogondogo, kila moja imefungiwa chumbani kwake kwa ukuta wake. Toboa moja, umepata tone la seli moja, basi. Kisha zote mbili ni za kundi la mwani mwekundu, na usidanganywe na zile kotoni za kijani. Kijani ni cha juu tu, ukoo ni ule ule wa wekundu. Elysia pusilla na jino lake wameumbiwa Halimeda. Kwa hiyo alipokuwa kwenye kamba yenu hakuwa amekuja kwenye mwani. Shada la Halimeda liling'oka au lilikuwa limeota chini ya kamba, likanasa, na yeye alikuwa abiria.

Mwambie mama kwamba mwani uliokatwa ncha, ukabaki vigutu kama mswaki uliotafunwa, hiyo ni kazi ya tasi. Wanakuja kwa kundi maji yakijaa, wanakula, na maji yakitoka wanatoka nayo. Kasa naye akipita huacha pengo kubwa zaidi. Na mwani unaogeuka mweupe kwenye vifundo, ukalainika na kudondoka wenyewe, haujaliwa na yeyote, huo ni ugonjwa. Unakuja zaidi maji yanapopata joto na mwani kuelemewa, na kuponda makoa hakuutibu.

Umeuliza sumu. Kumshika hakuna ubaya, mshike ila kwa ulaini, maana ngozi yake ni ute mtupu. Kumla hapana, na samaki wamekwisha jua hilo kabla yako. Halimeda hujilinda kwa dawa kali isiyopendwa na samaki, na koa badala ya kudhurika anaichukua. Utafiti uliofanywa Guam na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba koa huyu anaibadilisha ile dawa kidogo mwilini mwake kisha anaihifadhi, na ikakutwa pia kwenye ute wake na kwenye mayai yake. Yule mama koa wa pichani amewaachia wanawe mayai yenye ulinzi.

Ukitafuta jina lake vitabuni usishangae kukuta majina mawili. Aliyemwita pusilla ni Rudolph Bergh wa Copenhagen, mwaka 1871. Kazi ya Bergh ya kila siku ilikuwa udaktari wa maradhi ya zinaa, makoa wa bahari yalikuwa mapenzi yake. Mwaka 1954 William Macnae akamkuta Afrika Kusini, akadhani ni mpya, akamwita Elysia halimedae, yaani Elysia wa Halimeda. Baadaye ikaonekana ni mnyama mmoja, na kwa kanuni jina la kwanza ndilo linalobaki. Mimi nasikitika kidogo. Jina la Macnae lilikuwa linakwambia pa kumtafuta, hili la Bergh linakwambia tu uvae miwani.

Na maadamu tumefika huko: pwani ya Zanzibar si ngeni kwenye elimu hii. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari hapa, na makoa wengi wa Zanzibar waliandikwa na Sir Charles Eliot, ambaye wakati huo alikuwa Kamishna wa Uingereza wa Himaya ya Afrika Mashariki. Alikuwa akitawala asubuhi na kuchora makoa jioni, mtu unaweza kusema, na mimi namkumbuka zaidi kwa makoa.

Najua utakutana na video zinazosema huyu ni "mnyama anayeishi kwa jua". Kuna kweli ndani yake, ila imetiwa chumvi nyingi. Kweli ni kwamba jamaa wengi wa Elysia wakifyonza utomvu hawazisagi zile kloroplasti, vile vijiwanda vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga. Wanaziweka ndani ya seli za tumbo zikiwa nzima, na zinaendelea kufanya kazi kwa muda. Wajapani Kawaguti na Yamasu waliliona hilo kwa darubini ya elektroni na kulitangaza mwaka 1965. Muda huo unatofautiana sana baina ya spishi na spishi, siku chache kwa wengine, miezi kwa wengine. Lakini je, wanaishi kwa hilo? Mwaka 2014 watafiti waliwaweka Elysia timida na yule Plakobranchus ocellatus gizani, bila chakula, na makoa wakaendelea kuishi miezi kama wenzao waliokuwa kwenye mwanga. Kwa maoni yangu kloroplasti kwao ni zaidi ya stoo ya akiba kuliko jiko la sola. Wapo wataalamu wanaobishana na mimi juu ya hilo, na mabishano hayajesha.

Kisa kisichohitaji chumvi ni kile cha mwaka 2021. Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa wa Japani walichapisha habari za Elysia waliojikata kichwa wenyewe. Kichwa kinaachana na mwili, moyo ukabaki kwenye mwili, na kichwa kinaendelea kutambaa na kula mwani. Baada ya wiki moja hivi moyo mpya umeanza kuumbika, na wiki tatu mwili mzima umerudi. Mwili ulioachwa hauoti kichwa. Huyo hakuwa pusilla bali jamaa yake aliye karibu na marginata, basi usimkate wako ili ujaribu.

Picha yako ya tatu haina ugumu. Dude la kahawia, refu, limechongoka mkiani, mwili una mistari myembamba ya kwenda chini na vinukta vya buluu vyenye duara, na manyoyamanyoya ya ngozi pembeni: ni Stylocheilus striatus, koa wa bahari wa ukoo mwingine. Naye hana hatia. Zile nywele nyeusi alizokuwa amekaa juu yake ndizo chakula chake, na hizo ndizo za kuangalia. Ni Lyngbya, uchafu unaojisokota kwenye kamba za mwani na kuwasha ngozi. Mama akiwashwa mapajani baada ya kutoka shambani, asilaumu koa. Ukimgusa huyo dude akatoa wino wa zambarau usiogope, anajitetea tu. Akikaa kwenye kamba zenu anazisafisha, mwacheni.

Ukitaka kumwona pusilla vizuri kuliko nilivyomwona mimi pichani, subiri bamvua. Nenda maji yanapomalizia kutoka, asubuhi, kabla jua halijachoma vidimbwi. Chukua bakuli jeupe la plastiki, tia maji ya bahari, tia shada moja la Halimeda, ukubwa wa ngumi, usichukue zaidi. Weka kivulini, ukae kimya. Usimtafute kwa macho papo hapo, hutamwona. Hata mimi baada ya miaka yote hii simwoni. Subiri nusu saa. Maji yakianza kupungua hewa, makoa huanza kutoka kwenye vidoo na kupanda ukingo wa bakuli, na juu ya weupe wa plastiki hawana tena pa kujificha. Utadhani vidoo vimeota miguu.

Hapo piga picha nne: ya mgongo, ya ubavu, ya vipembe kwa karibu, na ya mmea wenyewe. Weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, na kama ni upande wa Marumbi, wa Michamvi au kule ndani kwenye mikoko ya Mapopwe. Kisha mrudishe, na umrudishe juu ya Halimeda, si mchangani. Mchangani ni sawa na kumshusha mtu katikati ya njia.

Kuhusu kamba za mama: mashada ya Halimeda yaliyonasa ayakung'ute na kuyaacha yaanguke palepale, maana yanaziba mwanga na kuongeza uzito. Makoa wataondoka nayo.